Kompyuta ndani ya meza ya mbao: mtiki, MDF au mnazi?

Dogo_Makorora
Habari zenu wakuu. Nataka kuvua vyombo vyote kwenye kasha la kompyuta nivipange ndani ya meza ya mbao, juu niweke kioo vionekane. Fundi wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, kanipa machaguo matatu: mtiki, MDF (ubao wa kiwandani wa unga wa mbao na gundi) au mnazi. Bajeti laki tatu na nusu. Ipi nichukue? Jumamosi natoa advansi.

FundiWaya
Mdogo wangu, umekwenda kwa fundi cherehani bila kupimwa. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ni ya ukubwa gani? Kadi ya picha ipo? Unacheza gemu au unachapa barua? Chumba kina kiyoyozi? Na nyumba ni yako au umepanga, maana meza hiyo ukihama haipiti mlangoni. Mbao tutaijadili baadaye.

MzeeWaRanda
Mtiki. Sina la kuongeza.
Haya, naongeza. Muulize fundi mbao imekauka kiasi gani. Mtiki wa Longuza ni mali, ila ukiuziwa uliopasuliwa juzi, meza itapinda na kioo hakitakaa. Halafu mtiki una mafuta. Apanguse maungio kwa tina kabla ya gundi, la sivyo yataachia. Mchwa hawaupendi, hilo la kwanza kwa mji wetu.

Binti_Raskazone
MDF msiiguse. Nasema kwa uchungu.
Nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, si mbali na bahari. Fundi mmoja (jina namhifadhia) akanitengenezea meza ya MDF yenye boksi ndani, kompyuta ikalala humo. Kaipiga rangi nyeupe, wateja wanasifia. Kumbe chini na ndani ya matundu ya waya hakupaka kitu. Masika ilipoingia, kingo zikaanza kuvimba kama andazi. Mlango wa boksi ukagoma kufunga, skrubu zikawa zinazunguka tu hazishiki. Nikauacha wazi, nikasema si kitu, hata hewa itapita.
Hewa ilipita, na mjusi naye akapita. Usiku wanafuata joto na wadudu. Siku moja asubuhi nawasha, nikasikia "pa!" na harufu siwezi kuieleza. Fundi kompyuta kafungua pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta, kamtoa mjusi mkavu kama dagaa. Pawasaplai imekufa na diski imeondoka nayo, na humo mna kazi za wanafunzi wa watu. Wiki nzima nilikuwa najificha wateja.
Kwa hiyo mtiki, mnazi, vyovyote vile, kila tundu liwe na wavu.

Dogo_Makorora
Pole dada. Nimepanga. Kadi ya picha ipo, ndefu kidogo. Ni ya gemu na kuhariri video. Kiyoyozi hakuna, ila dirisha lipo.

FundiWaya
Ungeanza na hayo. Sasa sikiliza. Mazabodi ya ATX, ile saizi ya kawaida, ni sentimita 30.5 kwa 24.4. Ukiilaza, kadi inasimama juu yake, na kipoozeo cha prosesa (ubongo wa kompyuta) kikiwa cha kusimama kama mnara kinafika kama sentimita 15 au 16. Boksi litataka kina cha sentimita 18 hivi. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75. Toa boksi, toa unene wa mbao, kisha niambie magoti unayaweka wapi. Vyombo vikae pembeni, upande wa droo, katikati pabaki pa miguu.
Hewa iingie mbele chini, itoke nyuma juu. Feni mbili za sentimita 12 zikivuta, moja au mbili zikitoa. Kwenye za kuvuta bana wavu wa mbu, ufue kila mwezi. Kioo juu bila feni ni jiko la mkaa.

Mtumishi_wa_Pongwe
Hivi jamani, mbao na umeme? Si itawaka?

FundiWaya
Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi au inazima yenyewe. Mbao inahitaji zaidi ya 200 kuwaka. Kinachounguza nyumba ni waya uliolegea na ekstensheni ya bei chee. Hofia kukosa ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kasha la chuma linaunganishwa na ethi, meza haiunganishwi, kwa hiyo unategemea waya wa pawasaplai peke yake. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu la urembo tu.

Mtumishi_wa_Pongwe
Kwangu nikigusa kasha kwa mkono mbichi linanitekenya. Nilidhani ni kawaida.

FundiWaya
Si kawaida! Chomoa sasa hivi, ita fundi umeme.

Babu_wa_Minazi
Mnamwacha mnazi kama yatima. Mnazi mzee, ile sehemu ya nje karibu na gome, unavunja meno ya msumeno. Una madoa meusi mazuri kuliko mtiki wenu. Wa ndani ndio laini, huo ni kuni. Fundi akijua kuchagua umepata meza ya wajukuu.

MzeeWaRanda
Na fundi wa kuchagua mnazi yuko wapi siku hizi? Wamebaki wa kugongelea MDF misumari.

Babu_wa_Minazi
Pangani wapo. Panda basi.

MzeeWaRanda
Nauli, mbao, usafiri wa kurudi nayo. Laki tatu na nusu imeisha barabarani. Bora achukue fremu ya mtiki, rafu za ndani plaiwudi iliyopigwa vanishi pande zote.

Binti_Raskazone
Au aliache kasha lake zima, alitundike chini ya meza kwa vyuma viwili. Akihama analichomoa.

Dogo_Makorora
Dada, sasa uzuri uko wapi hapo?
Halafu fundi kanipigia, anasema keshakata mbao. Nilipomuuliza ni ipi akasema "utaiona tu".

Mtumishi_wa_Pongwe
Kasha la zamani kama hulitaki tena, unauza shilingi ngapi?