Dresden I, 2005: kura zaidi zingeipunguzia vipi CDU viti?

MsomaKatiba_Nakuru

Habari zenu wadau. Hapa Nakuru tunaandaa somo la mifumo ya uchaguzi kwa vijana wa kidato cha nne, na tumechagua eneobunge moja la Ujerumani, Dresden I, kwa sababu ya yaliyotokea huko 2005. Kila maelezo ninayopata yanasema CDU, chama kikubwa cha kihafidhina, ikipita kura za chama 41,225 pale ingepoteza kiti bungeni. Kivipi? Kwetu kura ya ziada isipokusaidia, angalau haikudhuru.

Naomba mnieleze kwa nini eneobunge hilo lilipiga kura peke yake, hesabu inaendaje (kwa tarakimu ndogo ambazo mwanafunzi anaweza kuzikokotoa ubaoni), na kama Wajerumani walishaziba huo mwanya.

Butere_Debeni

Naanza na tarehe, ndiyo sehemu nyepesi. Uchaguzi mkuu ulikuwa 18 Septemba 2005. Wiki moja na nusu hivi kabla ya siku hiyo alifariki Kerstin Lorenz, mgombea wa NPD, chama kidogo cha mrengo mkali wa kulia. Sheria yao ya wakati huo ilikuwa wazi: mgombea wa eneobunge akifa baada ya kuidhinishwa na kabla ya siku ya kura, uchaguzi wa eneobunge hilo uliahirishwa, na ulitakiwa kufanyika ndani ya wiki sita baada ya uchaguzi mkuu. Haikuangaliwa kama marehemu alikuwa na nafasi ya kushinda. Chama chake kiliteua mwingine, Franz Schönhuber, karatasi zikachapishwa upya, na waliokuwa wameshapiga kura kwa posta wakatakiwa kurudia kwa kuwa kura zao za kwanza zilibatilika. Dresden I ikaenda debeni 2 Oktoba.

Kwa wanafunzi wa Nakuru una mfano wa mlangoni. Mwaka 2022, karatasi za kura zilipochanganyika, sisi Kakamega tulichagua gavana na wenzetu wa Rongai wakachagua mbunge tarehe 29 Agosti, ilhali mshindi wa urais alikuwa ametangazwa tarehe 15. Mpiga kura wa Rongai aliingia kituoni akijua nani katangazwa rais. Yule wa Dresden alijua mengi zaidi: kwa matokeo ya awali CDU na CSU, chama ndugu chake cha jimbo la Bavaria, walikuwa na viti 225, SPD, mpinzani wao mkuu, 222, na kura za majimbo yote zilikuwa hadharani. Waliobaki nchi nzima ni wapiga kura wapatao 219,000 wa eneobunge hilo moja. Hapo ndipo mtu akiwa na kalamu na karatasi aliweza kujua kura ya ngapi ingegeuza hesabu.

Kisumu_Hesabu

Mwalimu, kabla ya hesabu waondolee vijana dhana moja inayovuruga kila kitu baadaye: "kura ya pili" ya Ujerumani si chaguo la pili. Hawapangi wagombea kwa namba. Ni kura mbili tofauti kwenye karatasi moja. Safu ya kushoto, yenye maandishi meusi, ni kura ya kwanza: unamchagua mtu wa eneobunge lako, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi, kama wetu. Safu ya kulia, yenye maandishi ya buluu, ni kura ya pili: unachagua chama, yaani orodha ya chama hicho katika jimbo lako. Unaweza kumpa mtu wa chama hiki na orodha ya chama kile.

Ya pili ndiyo nzito. Inaamua chama kina haki ya viti vingapi bungeni. Kwa sheria ya 2005, kura za pili za chama zilijumlishwa nchi nzima, chama kikapewa viti vyake, kisha viti hivyo vikagawiwa kwa orodha zake za majimbo kulingana na kura za kila jimbo. Mwishowe, katika kila jimbo, viti walivyoshinda wagombea wake maeneobunge vilitolewa kwenye mgao, na vilivyobaki vikajazwa kutoka kwenye orodha.

Tatizo linaanzia hapa. Chama kikishinda maeneobunge mengi kuliko mgao wake katika jimbo, kilibaki navyo vyote. Vile vilivyozidi viliitwa viti vya ziada, na vyama vingine havikupewa chochote cha kufidia.

Sasa chukueni chaki. Tuseme chama kina viti 10 nchi nzima na kinagombea majimbo mawili tu. Jimbo A kimepata kura za pili 249,000, jimbo B 751,000, jumla 1,000,000. Katika A kimeshinda maeneobunge 4; katika B hakikushinda hata moja.

Wakati huo walitumia njia ya Hare/Niemeyer: zidisha kura za jimbo kwa 10, gawanya kwa jumla. A inapata 2.49 na B 7.51. Toa namba nzima, 2 na 7, ambazo ni viti 9. Kiti cha 10 kinakwenda kwenye desimali kubwa zaidi. Desimali ya B ni .51 na ya A ni .49, kwa hiyo A ina mgao wa 2 na B 8. Lakini A imeshinda maeneobunge 4, na inabaki nayo yote. Chama kinaingia bungeni na 4 + 8, yaani wabunge 12.

Ongeza kura 8,000 za pili katika jimbo A, na chukulia hazitoshi kubadilisha vile viti 10 vya kitaifa. A sasa ni 257,000, jumla 1,008,000. A inapata 2.55, B inapata 7.45. Kiti cha 10 kinahamia A: mgao wa A ni 3, wa B 7. Je, A inapata mbunge mpya? Hapana. Tayari ina 4 wa maeneobunge, na mgao wa 3 umemezwa humo humo. Ila B imepoteza mmoja wa kweli. Chama kinaingia na 4 + 7, wabunge 11. Kura 8,000 zaidi, mbunge mmoja pungufu.

Sachsen, jimbo la Dresden, ndilo A yetu. CDU ilikuwa imeshinda maeneobunge mengi huko kuliko mgao wake wa kura za pili. Kuvuka kura za pili 41,225 pale Dresden I kungehamishia mgao mmoja Sachsen, ambako usingeonekana, na kuutoa jimbo lingine ambako ulikuwa mbunge kamili.

Mahali vijana hukwama: wanadhani kura zile zinapotea. Hazipotei, zinahesabiwa sawasawa. Zinachofanya ni kuvuta kiti kutoka pale kinapohitajika hadi pale kisipoongeza kitu. Mwanafunzi akikosa jibu, mwangalie kama amesahau kuongeza zile 8,000 kwenye jumla pia. Akizidisha 257,000 kwa 10 na kugawanya kwa 1,000,000 atapata 2.57, mgao wa A utatokea uleule kwa bahati, lakini B itabaki 7.51 na jumla itakuwa 10.08 badala ya 10.

MsomaKatiba_Nakuru

Asante sana ndugu, nimeifanya na imetoka. Swali: kwa nini wafuasi wa CDU hawakubaki nyumbani tu?

Kisumu_Hesabu

Kwa sababu kura ya kwanza walikuwa wanaihitaji sana. Eneobunge lenyewe lilikuwa kiti cha ziada kinachosubiri kuchukuliwa. Njia ya kufaidi yote mawili ilikuwa kumpa mgombea wa CDU kura ya kwanza na kuipa orodha ya chama kingine ile ya pili, na hesabu hiyo ilikuwa imeshaandikwa magazetini kabla ya 2 Oktoba.

Angalia walichofanya. Andreas Lämmel wa CDU alishinda kwa asilimia 37.0 ya kura za kwanza. Orodha ya CDU ilipata asilimia 24.4 tu ya kura za pili, yaani 38,208, chini ya 41,225 kwa zaidi ya 3,000. Pengo la asilimia 12 na ushee kati ya mtu na chama chake kwenye karatasi ileile halitokei hivi hivi. FDP, mshirika mtarajiwa wa CDU, ilipanda sana kwenye safu ya buluu. CDU na CSU wakafika 226, na Bundestag, bunge la Ujerumani, ikawa na wabunge 614 badala ya 598 wa kawaida.

Kwa somo lako, ningewapa wanafunzi hizo asilimia mbili bila maelezo na kuwauliza nini kimetokea.

Webuye_Sheria

Nijibu lile la mwanya. Jambo la kushikilia ni hili: kasoro ile haikuzaliwa Dresden. Ilikuwemo katika chaguzi nyingine pia, ila siku zote nchi nzima inapopiga kura kwa pamoja hakuna anayeweza kujua mapema kura ipi itadhuru. Kuahirishwa kwa eneobunge moja ndiko kulikoiweka peupe.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua 3 Julai 2008 kwamba sheria inayoruhusu kura ya chama kukiumiza chama chenyewe inakiuka katiba, kwa kuwa kura lazima iwe sawa na iende moja kwa moja kule mpiga kura alikoielekeza. Bunge lililochaguliwa 2005 halikuvunjwa. Likapewa hadi 30 Juni 2011 kurekebisha, kwa hiyo uchaguzi wa 2009 ulifanyika kwa kanuni zilezile mbovu, na viti vya ziada 24 vyote vikaangukia CDU na CSU. Tarehe ya mwisho ikapita bila sheria. Iliyopitishwa baadaye mwaka huo ikatupwa na mahakama 25 Julai 2012, safari hii na kikomo juu yake: viti vya ziada visivyofidiwa visizidi 15 hivi.

Dawa ya 2013 ilikuwa fidia. Chama kimoja kikipata viti vya ziada, vyama vingine vinaongezewa hadi uwiano wa kura za pili urudi. Kwa haki hakuna ubaya, ila bunge lilifura: wabunge 631 mwaka 2013, 709 mwaka 2017, 736 mwaka 2021. Naona walikuwa wakilipia kwa wabunge kile walichoogopa kukigusa, yaani haki ya kila mshindi wa eneobunge kuingia bungeni.

Mwaka 2023 wakakigusa. Wabunge ni 630, basi. Maeneobunge yamebaki 299. Hakuna kiti cha ziada wala cha fidia. Mshindi wa eneobunge anaingia ikiwa tu mgao wa kura za pili za chama chake katika jimbo unamfikia. Washindi wa chama hicho jimboni wanapangwa kwa asilimia ya kura zao za kwanza, na wa mkiani wanabaki nje. 30 Julai 2024 mahakama ilikubali sehemu hiyo. Iliyokataa ni kuondoa kinga ya vyama vidogo: kizingiti cha asilimia 5 ya kura za pili ili chama kigawiwe viti kimebaki pamoja na msamaha wake wa zamani, kwamba chama kilichoshinda maeneobunge 3 kinaingia kwenye mgao hata kikikosa hizo 5. Msamaha huo ndio uliowaokoa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, mwaka 2021, walipopata asilimia 4.9 na maeneobunge 3.

Mwalimu, rudi kwenye ubao wa Kisumu_Hesabu na namba zilezile. Hesabu ya kwanza: A ina mgao wa 2, imeshinda 4, wanaingia 2 wenye asilimia kubwa. Jumla 10. Baada ya kura 8,000: mgao wa A ni 3, wanaingia 3, B inashuka hadi 7. Jumla 10. Kura iliyoongezwa A imeongeza mbunge A, na chama hakijapoteza kitu.

Butere_Debeni

Lakini ndugu, semeni na gharama yake. Katika uchaguzi wa Februari 2025 washindi 23 wa maeneobunge walibaki nje: 15 wa CDU, 3 wa CSU, 4 wa AfD na 1 wa SPD. Augsburg-Stadt ilimpa Volker Ullrich wa CSU ushindi, na bado hakuingia. Mwambie mtu wa Shinyalu au Nyando kwamba mgombea wake kaongoza kisha kiti hakuna, atakuuliza alipanga foleni ya nini. Hilo mimi sioni kama limetatuliwa.

Webuye_Sheria

Ni hoja ya haki, na ndiyo iliyopelekwa mahakamani. Jibu la mahakama, kwa ufupi: bunge la Ujerumani linagawiwa kwa kura za pili, na sheria inaweza kufanya ushindi wa eneobunge kuwa na sharti. Usisahau pia kwamba wengi wa wale 23 waliongoza kwa asilimia ndogo, wapinzani wakiwa wamegawana zilizobaki. Kwetu wabunge 290 wa maeneobunge wanaingia kwa kuongoza tu, na wale 12 wa kuteuliwa wanagawiwa vyama kulingana na idadi ya viti walivyoshinda. Kura ya mgombea aliyeshindwa haihesabiwi tena popote. Mjerumani aliyempigia Ullrich, kura yake ya pili bado imefanya kazi.

Kisumu_Hesabu

Nyongeza moja kwa atakayetafuta takwimu kwenye tovuti ya msimamizi wa uchaguzi wa Ujerumani. Namba za maeneobunge hazidumu. Dresden I ilikuwa namba 160 mwaka 2005. Ukifungua 160 ya mwaka 2021 utakuta Dresden II – Bautzen II, mipaka tofauti na wagombea tofauti. Dresden I wakati huo ni 159. Tafuta kwa jina, halafu hakiki mipaka ya mwaka husika. Sheria yao inataka eneobunge lisitofautiane na wastani wa wakazi kwa zaidi ya asilimia 15, na likizidi 25 lazima lichorwe upya, kwa hiyo mistari husogea mara kwa mara. Angalia pia safu unayosoma: 37.0 ni Lämmel, 24.4 ni CDU. Ukizichanganya hizo mbili, kisa chote cha Dresden I kinatoweka kwenye jedwali lako.