Forester ya tabo: nibaki na intakula ya juu au nihamie ya mbele?

Njia_ya_Kabale
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Nina Subaru Forester ya tabo (pampu inayoshindilia hewa injini), petroli, intakula (kipozeo cha hewa hiyo) imelala juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Kila Ijumaa natoka Kampala kwenda Kabale. Nikiondoka alfajiri linavuta vizuri. Nikikwama kwenye foleni ya Busega linakuwa zito, na uzito wenyewe siku hizi hauishi hata nikishapita Mpigi. Fundi mmoja anataka kunifungia intakula kubwa nyuma ya bampa. Mwingine anaisifu intakula inayopozwa kwa maji.

Fundi_wa_Katwe
Tabo ikigandamiza hewa, hewa inapata moto, huweza kupita nyuzi 100. Ukiishusha kutoka 100 hadi 50 kwa presha ileile, kila lita inabeba oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 15, na petroli haigongi ovyo silindani. Ndiyo kazi ya intakula.

Ya juu ina paipu fupi, tabo inaitika upesi. Ubaya wake ni gari likisimama: tundu halipati upepo, nayo imelalia injini ya moto. Ya mbele inapata upepo wa kwanza, ila ina paipu ndefu na viungo vingi, inapunguzia rejeta hewa, na changarawe zinaanza na yenyewe.

Dada_wa_Dizeli
Kaka, usinunue kitu bado. Prado yangu ilitoa moshi mweusi milimani nikaambiwa tabo imekufa. Nilikuwa tayari nimefika Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta nyingine. Kumbe mpira wa hewa umepasuka kwa chini, mahali jicho halifiki. Mpira mpya na klipu mbili, moshi ukaisha.

Fundi_wa_Katwe
Dada amesema kweli. Kwenye Forester hewa inapimwa kabla ya tabo. Ikivuja baada ya kupimwa, kompyuta inamwaga petroli kwa hewa ambayo haikufika, gari linakunywa na kukosa nguvu. Ziba mdomo wa tabo, ingiza hewa ya kompresa polepole, isizidi baa 1, kisha pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Povu litakuonyesha.

Ukiivua intakula, ioshe ndani kwa sabuni ya kuondoa grisi, suuza, iache ikauke kabisa. Nje tumia maji ya nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, yale mabati membamba ya kupoza. Utando mwembamba wa oili ndani ni kawaida. Oili ikitiririka, kagua tabo na mpumuo wa injini (njia ya kutolea mvuke wa oili).

Ssebo_Mbarara
Ya maji nimeitumia. Kwenye foleni inavumilia, kwa sababu maji yanachelewa kupata moto, lakini yakishapata yanachelewa pia kupoa. Halafu ina pampu yake na rejeta yake ndogo. Pampu ilinifia baada ya Lyantonde, nikaenda taratibu hadi nyumbani.

Njia_ya_Kabale
Nimerudi na majibu. Povu lilitoka kwenye gasketi ya vali ya kupunguza presha, iliyofungwa kwenye intakula yenyewe. Na mapezi yalikuwa yamejaa vumbi na mabawa ya nsenene (panzi) wa Masaka! Gasketi mpya, nikaosha. Busega bado linazubaa kidogo, lakini nikipata mwendo dakika chache linarudi, na mlima wa kuingia Kabale nimeupanda bila kubembeleza. Ya mbele nimeiacha. Pesa yake inanunua matairi.

Dada_wa_Dizeli
Kaza tena klipu zote baada ya wiki moja. Mpira ukishapata moto hukaa upya.