Naomba ushauri: wageni wa kila dini na kila ladha wanakuja Mombasa, niwalishe wapi?

NekesaMvita

Ndugu zangu, hamjambo. Nimehamia Mombasa kikazi, nakaa Nyali, na mji bado naujifunza. Mwisho wa mwezi kaka yangu anakuja kutoka Leicester pamoja na mkewe na mama mkwe wake. Wifi yangu ni Mgujarati. Mamake alizaliwa hapahapa Mombasa, akaenda Uingereza na wazazi wake mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa msichana, na hajarudi tangu wakati huo. Mama huyu hali nyama, hali samaki, hali yai.

Baba yangu naye anateremka kutoka Kakamega kuja kuonana na wakwe. Mzee wangu chakula kisicho na ugali ni vitafunio, na ameshaniambia anataka kuonja mnazi wa Pwani, ile pombe ya minazi. Halafu kuna jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyenipokea hapa kama mwanawe. Sitaki kumwacha nje, na yeye hakai mahali penye pombe.

Nataka Jumamosi moja tule wote pamoja, siku nyingine niwatembeze. Nimeulizia hoteli moja huku Nyali, wakasema mboga wanazo. Nilipouliza zinapikwaje, nikaambiwa supu ya kuku ndiyo inayozikoleza. Nikaaga. Pesa ipo ya kiasi. Kinachoninyima usingizi ni heshima ya wageni. Naomba mnishauri.

PwaniTupu

Karibu Mvita, dada. Mimi naona unajisumbua. Tafuta hoteli kubwa ya ufuoni Bamburi au Shanzu yenye bufee, kila mtu achukue anachokula. Mama wa mboga upande wake, mzee apate ugali na bia yake. Imekwisha.

BintiKibokoni

PwaniTupu, kwa hili sikubaliani nawe. Jirani yake amesema hakai penye pombe, sasa unampeleka akae mkabala na kaunta ya baa? Na huyo mama ameishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, bufee anazijua. Anachokuja kukitafuta hakiko kule.

Nekesa dadangu, mji huu chakula kina saa yake na mtaa wake. Ukikifuata kwa saa utashangaa, hao wageni wako watakutana sahani moja bila wewe kuhangaika. Anza na asubuhi, mahamri na mbaazi. Mbaazi zinachemshwa mpaka zilainike kabisa, zinatiwa kitunguu, pilipili mbichi na bizari kidogo ya manjano, kisha tui jepesi, na mwisho kabisa tui zito, lisichemke sana likakatika. Hamri ni unga wa ngano, sukari, hamira, iliki na tui. Hakuna nyama humo wala yai. Ukiimega ingali moto iliki inakupanda puani, unachovya kwenye lile tui la juu, basi. Huyo mama atakula, mzee atakula, jirani yako atakula, na hakuna aliyepikiwa chake pembeni kama mgonjwa. Ila muwahi. Saa tatu ikipita, mbaazi nzuri zimekwisha na mnaokoteza za chini ya sufuria.

Mchana ni wali. Hapa sikiliza vizuri. Pilau hupikwa na nyama humohumo na mchele unaiva kwa supu yake, kwa hivyo huyo mama haimfai hata ukimwondolea nyama. Biriani yetu ya Mombasa ni tofauti. Wali unapikwa sufuria yake na masala sufuria yake, vinakutana kwenye sahani. Mpishi ukimweleza tangu jana, anakupikia masala ya viazi na biringani kando, wali ni uleule. Wote mnakula biriani moja. Ijumaa watu wakitoka msikitini ndiyo siku yake, lakini ya Jumamosi pia utapata ukiagiza.

Jioni njooni huku kwetu. Kibokoni, Mji wa Kale, akina mama huweka meza na karai zao nje: viazi karai, bhajia, mishkaki, na ukwaju wa kumwagia. Wapite Ngome ya Yesu kwanza jua likipoa, kisha waingie barabara ya Ndia Kuu kwa miguu. Wakichoka watafute mkahawa, wakae wanywe chai ya viungo. Mikahawa ya Mji wa Kale kwa kawaida haiuzi pombe, kwa hivyo jirani yako atakuwa huru. Waambie wavae mavazi ya stara, mabega na magoti yafunikwe. Ni adabu ya mtaa.

MwanaWaTudor

Nekesa, mimi ni wa ukoo wa Kigujarati, kizazi cha nne hapa Mombasa. Kabla ya kupanga lolote, mpigie wifi yako simu umuulize jambo moja: mamake ni Mjaini? Wajaini walioshika dini hawali kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, kwa sababu vinang'olewa ardhini. Ikiwa ndivyo, nusu ya ushauri wa BintiKibokoni haumfai, hata zile mbaazi, kwa ajili ya kitunguu. Ikiwa ni Mhindu wa kawaida asiyekula nyama, mambo ni mepesi.

La pili ni mafuta. Karai lililokaanga sambusa za nyama ndilo linalokaanga viazi. Wazee wetu wengi hilo linawakera kuliko chochote, na hawatakwambia, watasema tu wameshiba. Muulize mwuzaji mbele yao, kwa upole. Viazi karai pia, kuna wanaotia yai kwenye ule unga wa kuchovyea.

Sasa la moyoni. Mpeleke huyo mama mkahawa wa Blue Room, barabara ya Haile Selassie. Imefunguliwa mwaka 1952, kwa hivyo ilikuwapo kabla hajaondoka, na sijui mtoto wa Kihindi wa rika lake ambaye hakupelekwa pale kula aiskrimu. Nyama wanauza pia, kwa hiyo muulizeni kwanza kama hilo halimkwazi. Akikubali kukaa, kaeni muda mrefu. Na jioni, Jumapili hasa, mpelekeni ufuoni Mama Ngina, kule Lighthouse. Pale tangu zamani familia zetu huegesha magari zikitazama meli zinavyoingia bandari ya Kilindini, zinakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Pametengenezwa upya mwaka 2019, pana nafasi na viti. Mihogo sisi nyumbani tunaiita mogo, na hata Leicester wanaiuza kwa jina hilo. Usishangae akishuka garini analia.

Na kachri bateta! Viazi kwenye rojo zito la chachu, juu yake kachri, yaani krispi za mihogo, na chatini. Hiki ni chakula cha Mombasa kabisa, kimezaliwa na majirani wa Kihindi na wa Kiswahili kuonjana sufuria. Asiondoke bila kukila.

MgemaWaRabai

Mimi nimekuja kwa ajili ya mzee. Dada, mnazi usimnunulie kwenye dumu kando ya barabara, na usimletee nyumbani kwenye chupa ya soda halafu ukauweka frijini. Mnazi ni kitu hai. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kidogo tu na kuteremsha kilichodondoka. Ulioteremshwa asubuhi ni mtamu na mpole. Jioni yake umeshachachuka na una nguvu, kesho yake unaelekea kuwa siki. Mzee wa Kakamega aliyezoea busaa, pombe ya nafaka, atadhani ni maji ya sukari, anywe haraka, kisha atafute miguu yake.

Mpeleke mangweni, kilabu cha mnazi, upande wa Mtwapa, au mkiwa na siku nzima njooni huku Rabai, mkiongozana na mwenyeji. Atapewa na mrija wenye chujio, akae chini ya mnazi wenyewe na wazee wenzake. Kwetu Wamijikenda wakwe hawazungumzi mahari pasipo mnazi, kwa hivyo akiwaambia amekuja kuonana na wakwe, watamheshimu sana. Lakini iwe siku ya peke yake na kaka yako. Usiuchanganye na ile Jumamosi.

MtuWaTanga

Kwa nini hiyo Jumamosi isiwe nyumbani kwako? Huku kwetu Tanga wageni wa heshima hawapelekwi hotelini. Mombasa najua kuna akina mama wanaopika kwa oda, unaletewa biriani kwenye sinia. Sahani na sufuria ni zako, hakuna pombe, kila mtu anajua kilichomo.

NekesaMvita

Jamani, asanteni mno. Nimempigia wifi. Si Wajaini, viazi na vitunguu mama anakula. Ila amesema kwenye meza yenye nyama anakaa, anachokataa ni kijiko kimoja kuzungushwa. Hilo nisingelijua.

MtuWaTanga umenifungua macho, itakuwa nyumbani. Nitaagiza biriani, masala mawili. Je, ugali wa mzee? Na jirani yangu nimwombe anisaidie kupika au nitakuwa namtumikisha?

BintiKibokoni

Mwombe! Ukimwita aje kula tu amekuwa mgeni, ukimwita jikoni amekuwa mama wa nyumba. Ila muulize yeye ndiye achague atakachopika, usimpangie. Nami nakuhakikishia mboga ya nazi haitakosekana.

TukTukChangamwe

Ugali usimpikie Jumamosi, mzee mmoja akila peke yake ugali mezani itaonekana amesusa biriani ya wenzake. Siku atakayofika, mpitishe Mwembe Tayari. Kina mama wa bara wamejaa pale, ugali wa moto, samaki wa kupaka au wa kukaanga, sukumawiki. Akishiba hivyo, siku zilizobaki atakula chochote mtakachompa bila kununa.

Gari msiingie nalo Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba na mtakwama mbele ya mkokoteni. Acheni karibu na Ngome, mtembee. Kutoka Nyali jioni daraja hujaa, tokeni mapema kabla ofisi hazijafungwa.

PwaniTupu

Nimesoma yote. Bufee naiondoa. Ila kwa wanaokula nyama, usiku mmoja wapeleke mkahawa wa Tarboush pale Makadara, kuku wa tikka na mkate wa naan.

MwanaWaTudor

Nekesa, vijiko basi. Nunua upawa mpya wa sufuria ya mboga, mwekee mama autoe mwenyewe kwenye karatasi. Na masala ya mboga yapakuliwe ya kwanza kabla ya ya nyama kufunguliwa. Nitakutumia kwa ujumbe wa faragha namba ya mama mmoja wa Tudor anayepika kwa oda na anajua mambo haya, umwambie siku tatu mbele na idadi ya watu.