Wadau, vifurushi vya wahitaji: tugawe Krismasi au tusubiri Januari?

Katibu_Diakonia
Habari zenu wadau. Mimi ni katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Eastlands, jina naomba nilihifadhi. Kila Majilio, majuma ya kuelekea Krismasi, tunakusanya unga, mafuta na sukari, halafu tarehe 24 Desemba tunagawa mtaa wa mabanda wa Mukuru. Shida ni kwamba ikifika tarehe 20, nusu ya Nairobi iko kwenye basi la kwenda ushago. Mwaka jana tulibaki watu wanne na vifurushi sitini. Mfuko mmoja wa sukari ulichanika mlangoni mwa matatu, tukawa tunazoa kwa bahasha za sadaka. Kulikuwa na shosho mwenye mkongojo aliyefika saa mbili asubuhi; zamu yake ilifika saa nane mchana. Hakulalamika, aliniangalia tu.

Nimependekeza tuhamishie Januari. Mzee mmoja wa kanisa amenijia juu: Krismasi bila kukumbuka maskini si Krismasi, na tumefanya hivi tangu enzi za wamishenari. Kinamama wenyewe wamegawanyika. Kikao ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Niende na hoja gani?

Mama_Wawili
Pole dada. Januari ndiyo yenyewe. Nimeishi Mukuru kwa Njenga miaka tisa. Desemba kila mtu anagawa, hata wanasiasa, mpaka sisi tulikuwa tunauzia majirani pakiti za unga. Sasa ngoja shule zifunguliwe: karo, sare, kodi ya nyumba, na hakuna anayebisha mlango. Njaanuari si mzaha.

Mzee_wa_Zaburi
Binti yangu, huyo mzee mwenzangu usimwendee na hesabu. Mwendee na kalenda ya kanisa, hapo atakusikiliza.

Majilio ni Jumapili nne za kungoja. Ndiyo maana madhabahu huvikwa zambarau, na kwa desturi wimbo wa sifa wa Gloria hatuimbi mpaka usiku wa Krismasi. Sikukuu yenyewe ikishaanza, ina siku 12 hadi Epifania, 6 Januari, tunapowakumbuka Mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi. Sisi tumejizoesha kuifunga Krismasi tarehe 26, kama duka. Basi muulize kwa heshima: zawadi zililetwa lini? Mathayo 2:11 inasema Mamajusi waliingia nyumbani. Hori liko kwenye Luka, na waliofika pale ni wachungaji wa kondoo, mikono mitupu; zawadi zilikuja baadaye. Mkigawa Epifania bado mko ndani ya msimu. Hamjavunja desturi yoyote.

Fundi_Bomba
Mzee nakuheshimu, lakini mtoto hajui Epifania. Plot yetu ina vyumba ishirini, harufu ya pilau ya jirani haiulizi kalenda. Tarehe 25 iwe na kitu, hata sahani moja.

Alto_wa_Kwaya
Mimi naona mnabishania tarehe wakati kilichowachosha ni foleni. Usharika wetu ulihamishia mchango mkubwa kwenye Kwaresima. Tunachukua bahasha Jumatano ya Majivu, tunazirudisha Pasaka. Pesa hatununulii vifurushi: tunaziweka kwa mama mwenye kioski mtaani, na mhitaji anaenda mwenyewe kuchukua anachokosa. Kuna anayetaka unga, mwingine sodo za binti yake, vitu ambavyo hangevitaja mbele ya kamati. Hakuna kupanga mstari, hakuna picha za kuweka WhatsApp.

Katibu_Diakonia
Asanteni sana. Mzee, hiyo ya Mamajusi naiandika kama ilivyo. Fundi, umenigusa. Nitapendekeza pilau ya watoto Jumapili ya tatu ya Majilio, watu wakiwa bado mjini, halafu mchango mkubwa tuutoe Epifania. Najua haitakuwa tarehe 25 uliyoitaka, ila sitaki kuahidi watu nisio nao. Alto, hiyo ya kioski inanivutia lakini naogopa. Mwenye duka asitupunje?

Alto_wa_Kwaya
Daftari liwe na nakala mbili, moja kwake, moja kwenu, na mtu wa kamati alipitie kila Jumamosi. Wa kwetu aliwahi kuandika sabuni mbili pahali pa moja. Tulimwonyesha, akacheka, akafuta. Ila msichague kioski cha mtu wa kanisani, hapo mtashindwa kuulizana.