Mjadala: Vipimo vya barafu vinavyokusanywa na vijana wa Inuit ni mali ya nani?

Mwanzisha mada: Mwaka 2018 Inuit Tapiriit Kanatami, chombo cha kitaifa cha Wainuit wa Kanada, wenyeji wa asili wa Aktiki, kilitoa mkakati wa utafiti unaodai Wainuit wenyewe waamue nani atumie takwimu zao. Naunga mkono. Angalieni SmartICE, mradi wa kupima unene wa barafu ya bahari, kule Pond Inlet na Nain, vijiji vya Wainuit. Kijana hufunga sleji, yaani qamutik, nyuma ya pikipiki ya theluji. Juu yake kuna kipimo cha sumakuumeme. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko barafu, hivyo kifaa husoma umbali hadi majini: theluji na barafu kwa pamoja. Njia huchaguliwa na wawindaji wazoefu, wanaojua mkondo unakula barafu wapi kwa chini. Bila wao utapima pasipopita mtu.

Mchangiaji wa 1: Kuhusu njia, sawa mkuu. Umiliki ndio sikubali. Rada ya satelaiti huonyesha uso wa barafu ni laini au wa kukwaruza kiasi gani, unene haiusomi moja kwa moja. Inahitaji vipimo vinavyochukuliwa pale pale juu ya barafu. Vikifungiwa kijijini, ramani ya pwani nzima inadhoofika. Halafu maji ya chumvi yakifurika chini ya theluji, kifaa kinaweza kusoma barafu nyembamba kuliko ilivyo. Nani atakagua?

Mwanzisha mada: Atakagua aliyesimama pale. Unatoboa tundu, unashusha utepe wenye ndoano inayonasa chini ya barafu, unalinganisha na kifaa. Kina cha theluji unakipima kwa fimbo na kukitoa kwenye jumla ya kifaa. Ukikuta tope la maji na theluji, unaliandika papo hapo, maana kwenye jedwali la chuoni tope hilo halionekani kabisa. Na kumiliki si kuficha: ramani inayoonyesha pa “pita”, “pita polepole” na “usipite” ni ya kila msafiri. Kinachobaki kijijini ni njia na kambi za uwindaji.

Mchangiaji wa 2: Nyote mmeruka mshahara. Ruzuku ikiisha, kijana aliyefundishwa anaondoka, kifaa kinalala bohari. Tena Nunavut, eneo la Wainuit ambamo Pond Inlet ipo, kibali cha utafiti kipo kisheria, lakini mara nyingi kinaombwa swali la utafiti likishaandikwa mbali. Vijana wa Ikaarvik, mpango wa kuwaunganisha vijana wa Inuit na watafiti kule Pond Inlet, wanataka waulizwe kabla ya hapo. Mchangiaji wa 1, kwenye bajeti zenu za utafiti malipo ya vijana hao yamo tangu rasimu ya kwanza? Na nywila ya seva yenye takwimu hizo anashika nani?