Naomba ushauri: chaina grasi ya rangi tatu ya marehemu bibi

Assalaam aleikum ndugu zangu, naombeni msaada.

Marehemu bibi yetu, Unguja, kila Idi alikuwa akitoa sinia la chaina grasi (kitamutamu kinachogandishwa kwa agari, nyuzi za mwani) ya rangi tatu: chini nyekundu yenye harufu ya waridi, katikati nyeupe ya iliki, juu kijani. Akiikata vipande vya pembe nne, kipande kinatikisika lakini matabaka hayaachani. Hakuandika kitu. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha chai kilichokatika mkono.

Nimejaribu mara tatu. Kwanza nilitumia jelatini, ikanepa na kuanza kuyeyuka mezani kabla wageni hawajamaliza biriani, na ile ya bibi ilikaa nje mchana kutwa! Nikarudi kwenye chaina grasi yenyewe, ya nyuzi, gramu 10 kwa lita moja ya maziwa. Iliganda vizuri, ila nilipotia kisu tabaka la juu likateleza kama kigae. Mara ya tatu niliwahi kumimina, la chini halijashika, rangi zikavurugana. Watoto walikula, mimi nikanuna.

Sasa, mnajuaje kwamba tabaka la chini limefika pa kumiminiwa jengine? Na hiyo ya juu iwe ya moto au ipoe kidogo kwanza?

Halafu lile jeupe: dada anashikilia kuwa ni maziwa ya kopo, mimi ulimi wangu unakumbuka tui. Mwenye kuipika kwa tui, halijitengi likiganda?