Tupeane uzoefu: wafu wenye mabawa wa Warhammer wamekutendea nini mezani?

MfupaMtupu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu tunaocheza vita vya mezani vya vijisanamu tunahesabika, ila tupo, na wengi wetu sijui kwa nini tumeangukia upande wa wafu. Leo tuwaweke kitimoto wale wenye mabawa tu: Morghast, Vargheist, Crypt Flayers na ndugu zao. Kuwaunga ni kazi, kuwabeba ni kazi mara mbili, na bado kila anayeanza jeshi la wafu anawakimbilia. Leteni visa vyenu. Bei tunazijua, msituumize.

Naanza mwenyewe. Niko Derby, Uingereza, si mbali na Nottingham yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer. Wangu ni Morghast. Hawa walitoka mwaka 2014 pamoja na bwana wao Nagash, wakati ule dunia ya zamani ya Warhammer inafungwa. Mchezo mpya ulioirithi, Age of Sigmar, ulipokuja 2015 wakahamia huko, na tangu 2019 wako ndani ya Ossiarch Bonereapers, jeshi la mifupa iliyochongwa upya. Kisa chao nakipenda: walikuwa watumishi wa miungu wengine wa kifo, Nagash akaimaliza miungu ile, kisha mabaki ya watumishi akayasimamisha yamtumikie yeye. Yaani hata kufa hakukuwapa likizo.

Sanduku moja lina wawili, na ni juu yako uwaunge wawe Harbinger, wale wa kuvamia, au Archai, wale walinzi. Mimi ni Harbinger tupu, sababu hii hapa. Kwa kanuni za toleo la pili la Age of Sigmar, lile la 2018, mtu wa kawaida akitaka kuvamia alirusha dadu mbili. Harbinger alirusha tatu. Piga hesabu: adui yuko inchi 9. Kwa dadu mbili ulifika mara 28 hivi katika 100. Kwa dadu tatu ulifika mara 74. Kuna jioni mpinzani alipanga safu ya Liberators, askari wa miguu, mbele, nyuma yao kamuweka mchawi wake ametulia kabisa, anakunywa chai (mpinzani, siyo mchawi). Harbinger wakaruka juu ya safu nzima, maana mwenye mabawa hazuiliwi na vichwa vya watu, wakatua mgongoni kwa mchawi. Chai ilipoa.

Bonde_la_Mifupa

Mkuu nakuheshimu, ila Harbinger ni mapenzi ya siku moja. Wakishaua huyo mchawi, zamu inayofuata wamezungukwa na wanakufa. Archai ndio watu. Kwa kanuni zile zile za toleo la pili, deraya yao ya Ebon iliwapa nafasi ya kurusha dadu dhidi ya yale majeraha yanayopenya kila kinga, na ukicheza na wanaorusha uchawi kila zamu utaniambia.

Mimi huwaweka mbavuni mwa Nagash. Yeye akiloga, wao wamesimama. Hawafanyi la maana machoni pa mtu, na hilo ndilo linalomchosha mpinzani: anatumia nusu ya mchezo kutafuta njia ya kupita, hapati. Rafiki yangu mmoja hapa Leicester alifika mahali akaacha kabisa kumpiga Nagash, akaanza kugombea alama za uwanjani. Akashinda kwa alama. Sawa, lakini Nagash alikuwa mzima!

Kipepeo86

😂😂 "Akashinda kwa alama, sawa." Mkuu umefungwa hapo.

Shangazi_wa_Brashi

Mie kucheza si sana, mie ni mpaka rangi, kwa hiyo nitasema la rangi. Mnaijua rangi inayoitwa Morghast Bone? Ndiyo, hawa jamaa wana rangi yao, na wengi wanaitumia kupakia vitu vingine kabisa bila kujua jina limetoka wapi.

Mifupa ya hawa isipakwe nyeupe. Nyeupe inawafanya waonekane wa plastiki, na kweli ni wa plastiki, lakini hatutaki watu wajue. Nianzavyo: nyunyizia rangi ya udongo mwepesi, mwagia Agrax Earthshade, rangi ya majimaji ya kivuli, izame kwenye mianya, iache ikauke kabisa (kabisa! siyo ukiona imeacha kung'aa), kisha chukua brashi iliyochoka, ichovye rangi ya Ushabti Bone, ifute kwenye karatasi hadi isibaki kitu, halafu pitisha juu juu. Kile kisichobaki ndicho kinachoshika kwenye kingo za mfupa. Mwenye haraka atumie Skeleton Horde, ile ya jamii ya Contrast iliyoanza 2019: koti moja juu ya msingi mweupe, umemaliza kabla wali haujaiva.

Na mabawa msiyagundishe mwanzo. Yapakeni yakiwa pembeni. Brashi haifiki mgongoni yakishakaa, na mgongo ndio mpinzani wako anaouangalia... hapana, wewe ndiye unayeuangalia mchezo mzima, wanakupa mgongo.

Mswahili_Muscat

Kisa changu ni cha nyumbani. Nipo Muscat na bimkubwa. Nilikuwa nimewapanga Vargheist watatu dirishani wakauke. Bimkubwa kaingia kufungua pazia alfajiri. Nimeamshwa na Ayatul Kursiyyu inasomwa kwa sauti, kisha: "Hawa ni wageni wa nani?" Nikamweleza ni mchezo, kama bao, una kanuni. Akauliza, "Kwenye bao, kete zina meno?"

Tumefika mwafaka: wanakaa kabatini, mlango umefungwa, na siku za khitma hawatajwi. Wajukuu wakija ndiye anayewaambia, "Muulizeni mjomba awaonyeshe mashetani yake."

Mwana_wa_Kongowea

Mombasa hapa. Sanduku moja kwa bei yao, ukiongeza usafiri na ushuru, mie sina moyo huo. Nacheza na makaratasi. Nachora Morghast upande mbele na nyuma, nabandika kwenye kadibodi ya boksi la viatu, nakata, nasimamisha juu ya kifuniko cha soda. Kanuni natumia za bure za OnePageRules, ambao hawakulazimishi uwe na sanamu za kampuni fulani. Wangu wanaruka vizuri tu, shida ni feni ikiwashwa. Hapo huruka na zamu isiyokuwa yao.

Bonde_la_Mifupa

Huyu kashinda uzi 🙌

JumbaLaUshoran

Mmewasahau Crypt Flayers na mimi siwezi kunyamaza. Wanatoka sanduku lile lile la Vargheist na Crypt Horrors, watatu watatu, ila kisa chao ndicho bora kuliko vyote. Hawa ni wala maiti wa Flesh-eater Courts, na wazimu wa mfalme wao umewaingia wote: wanajiona mashujaa watukufu, deraya inang'aa, bendera zinapepea, wanakwenda karamuni. Ukiwatazama wewe unaona mnyama mwenye mabawa ya popo na damu kidevuni. Wao wanaona mheshimiwa. (Sitaji bunge la mtu.)

Mezani, enzi kila kikosi kilipokuwa na namba ya ujasiri, walikuwa na ukelele: dadu mbili, ukizidi ujasiri wa adui anaumia bila kuguswa. Majeshi ya waoga yalikuwa yananuna wakiniona. Toleo la nne likaifuta namba yenyewe. Bado nawachukua kila mechi kwa sababu ya hadithi tu. Nikiwasogeza nawatangaza kwa vyeo vyao, watu wamezoea.

Dogo_Mpya

Wakuu nimepewa sanduku la Morghast na kaka. Niwape mashoka ya mpini mrefu au mapanga mawili? Na Harbinger au Archai?

MfupaMtupu (mleta mada)

Dogo karibu. Zamani mashoka yalifika inchi 2 na mapanga inchi 1, kwa hiyo ugomvi ulikuwa na maana. Tangu toleo la nne, 2024, kila mtu anapigana ndani ya inchi 3, urefu wa mpini umekufa. Chagua kinachokupendeza macho. Kuhusu wa pili, mimi na Bonde hatutakubaliana, kwa hiyo muulize yule mpinzani utakayecheza naye sana: akipenda kujificha, Harbinger, akipenda uchawi, Archai.

Mikono usiigundishe, tia sumaku ndogo. Nyingine weka chini ya kitako, uwasafirishe wamesimama ndani ya bati la biskuti. Mabawa yakilazwa kwenye sponji ndiko yanakovunjikia.

Wengine endeleeni. Mwenye Terrorgheist, lile popo kubwa mfu, aliyekwisha pakwa rangi aweke picha, huyo bado hatujamgusa.